Dada Nukta na Neno Kikomo

Ofisi nzima ilimwita Dada Nukta, naye aliitikia bila kinyongo, kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya hesabu katika idara inayotayarisha vitabu vya shule: mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Jina lilitokana na kalamu yake. Alipotaka kuonyesha kwamba namba zinaendelea bila mwisho, aliandika chache za mwanzo kisha akagonga nukta tatu, ko, ko, ko, kwa nguvu ambayo hata waliokaa chumba cha pili walijua kwamba sasa hesabu imeachiwa iende yenyewe.

Shida ni kwamba hata akizungumza alikuwa hivyo hivyo. Sentensi zake zilianza vizuri, zikatembea kidogo, zikaishia njiani. "Nilikuwa nataka kukuambia kwamba ile sura ya mwisho…" atasema, halafu macho yanahamia dirishani, na wewe umebaki umetega sikio bure. Wengine iliwaudhi. Mkuu wa idara alishasema waziwazi kwamba kuongea na Dada Nukta ni sawa na kusoma kitabu kilichochanwa kurasa. Mtu mmoja tu katika jengo lile aliziweza sentensi zake, na siri yake ni kwamba hakuzisubiri zifike. Alizimalizia mwenyewe.

Huyo alikuwa Mama Pacha, mhariri wa lugha. Mama Pacha alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na kazi yake ilikuwa kupita juu ya kila alichoandika Dada Nukta akiwa na kalamu nyekundu, ili mtoto wa shule aelewe anachosoma. Meza zao zilitazamana. Baina yao palikuwa na kabati fupi, na juu ya kabati birika la umeme ambalo mpini wake ulifungwa kwa utepe wa gundi. Dirisha lao lilitazama ua wa kuegesha magari, wala hapakuwa na cha maana cha kutazama, lakini walikitazama.

Dada Nukta hakuwahi kuolewa na hakuwa na mtoto. Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa kimoja kimoja: kikombe kimoja kwenye ndoano, kiti kimoja mezani, taulo moja mlangoni. Tusidanganyane kwamba alikuwa mtu wa huzuni tangu zamani. Hakuwa. Kwa miaka mingi hakujua hata kwamba anaishi peke yake, kwa sababu mchana kutwa alikuwa na Mama Pacha, na jioni alirudi nyumbani akiwa amechoka kuongea, akafurahi kunyamaza.

Kitabu kilichowaunganisha zaidi, na ndicho hicho kilichowatenganisha, kilikuwa kitabu cha hesabu za juu kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho. Ndani yake palikuwa na sura ambayo Dada Nukta aliipenda kuliko zote, ya safu za namba zisizokwisha. Mama Pacha alikataa kuigusa mpaka aelezwe.

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako," alisema, akavuta kiti.

Siku hiyo Mama Pacha alikuwa amekuja na papai. Dada Nukta akalichukua, akalikata katikati. "Hii nusu weka hapa. Iliyobaki naikata tena katikati, napata robo, naiweka pembeni yake. Iliyobaki naikata tena…"

"Unapata thumuni."

"Ndiyo. Na tena, na tena. Vipande vimekaa kwenye mstari, kila kimoja mahali pake, na kila kimoja ni nusu ya mwenzake aliyemtangulia. Hatujavijumlisha. Vimepangana tu."

"Hiyo ni foleni," Mama Pacha alisema. "Watu wamefuatana. Basi huo ni mfuatano."

"Sasa nikiweka alama ya kujumlisha kati ya kipande na kipande, nikaanza kuvirundika pamoja, nusu, ongeza robo, ongeza thumuni…"

Mama Pacha alifikiri kidogo, ameshika kisu. "Ile mvua isiyokatika tunaiita mvua ya mfululizo. Kila tone linaongeza dimbwi. Foleni haiongezi kitu, lakini mvua inajaza. Huo uite mfululizo."

Dada Nukta alimtazama kwa mapenzi matupu. Yeye alikuwa amehangaika na tofauti hiyo kwa muda mrefu, na huyu ameipata kabla papai halijaisha. Mfuatano ni namba zilizopangana, mfululizo ni namba hizo hizo zinazojumlishwa. Wanafunzi wangapi wamefeli kwa kuchanganya hayo mawili!

"Na vyote hivyo vikijumlishwa," Mama Pacha aliuliza, "tunapata papai ngapi?"

"Moja. Hili hili. Hata ukikata mpaka uchoke, hutazidi papai moja, ila utalikaribia kadiri unavyotaka."

"Na kipande cha mwisho anakula nani?"

"Hakuna cha mwisho."

"Basi mimi nakula vyote sasa hivi kabla hesabu zako hazijaniibia," akasema Mama Pacha, na akatimiza.

Tangu siku hiyo wakawa na mchezo wao. Jioni, wakati wa kufunga chumba, hawakuagana kama watu wengine. Mmoja alisema, "Nukta, nukta, nukta," na mwingine akajibu, "Nukta, nukta, nukta," maana yake: tunaendelea vile vile, hakuna haja ya kuandika yote. Waliowasikia kwenye korido waliwaona vichaa kidogo. Wao walitoka getini wakicheka, kila mmoja akashika njia yake.

Kisha likaja neno kikomo.

Dada Nukta alihitaji jina la ile namba ambayo mfuatano unaikaribia. Nusu, robo, thumuni, na kuendelea: vipande vinazidi kuwa vidogo, vinaikaribia sifuri, vinaisogelea karibu kuliko umbali wowote utakaoutaja, lakini hakuna kipande hata kimoja ambacho ni sifuri. Dada Nukta akaandika: kikomo cha mfuatano huu ni sifuri. Kalamu nyekundu ikapita juu yake mara moja, ikapita tena, na mambo yakapelekwa kwenye kikao cha idara, ukumbini, mbele ya Mkuu na waandishi wa masomo mengine yote.

"Kikomo kinatokana na kukoma," Mama Pacha alieleza, amesimama. "Mtoto akisoma kwamba kikomo ni sifuri, ataelewa kwamba mfuatano ulikwenda, ukafika sifuri, ukakoma. Na mwandishi mwenyewe anasema haufiki! Mimi napendekeza tuseme kielekeo. Mahali mfuatano unakoelekea. Hapo hatumdanganyi mtu."

Lilikuwa pendekezo la kawaida, limetolewa kwa adabu. Lakini Dada Nukta alikuwa hajalala vizuri, kichwa kilikuwa kinamgonga, na alichukia kusimamishwa mbele ya watu kama mwanafunzi aliyekosea zoezi. Akainuka. Na mwanamke huyu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuifikisha sentensi mwisho, siku hiyo aliifikisha.

"Mama Pacha, wewe kazi yako ni kuweka koma na nukta, hesabu tuachie sisi tuliozisoma."

Ukumbi uliangua kicheko. Koma na nukta, katika mjadala wa kukoma, tena kutoka kwa Dada Nukta: ilikuwa kali, ilikuwa tamu, watu waligonga meza. Mkuu alifuta machozi kwa leso. Neno kikomo likapita. Mama Pacha alifunga kalamu yake, akaketi, akatazama mikono yake mpaka kikao kikaisha. Wiki iliyofuata aliomba kuhamia chumba cha mwisho wa korido, akapewa, na mezani kwake akaletwa mchoraji wa picha za vitabu, kijana mstaarabu aliyeshinda na visikizio masikioni.

Ugomvi wa makelele una dawa, maana watu wakishamaliza kutukanana huchoka. Hawa hawakugombana. Walianza kupunguza.

Zamani salamu zao za asubuhi zilikuwa shughuli. Umeamkaje? Salama, sijui wewe? Mimi mzima. Umelalaje? Vizuri, ila pacha mmoja ana mafua. Pole. Nimeshapoa. Na yule mwingine? Huyo hajambo, anakula kama nondo. Na mgongo wako je? Birika lilichemka na kuzimika kabla hawajafika kwenye hali ya hewa. Baada ya kikao, walipokutana koridoni, salamu ikawa: habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, nzuri. Baadaye, habari za asubuhi, nzuri, basi. Kisha habari, nzuri. Kisha salama, bila swali, kila mmoja akijijibu mwenyewe. Kisha nyusi. Kisha ikafika mahali ambapo Mama Pacha alikohoa kidogo alipompita, na Dada Nukta akakichukua kile kikohozi kama salamu, kwa sababu angalau hakukohoa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mtu wa kawaida angelia. Dada Nukta alipiga hesabu. Aliketi mbele ya yule mchoraji na visikizio vyake, akaona wazi kwamba ana mfuatano mbele yake, unaopungua, unaoelekea sifuri. Swali lake halikuwa hilo. Alijua unakoelekea. Swali lilikuwa unapungua kwa namna gani, maana kupungua kuna aina mbili.

Kama kila salamu ni nusu ya ile iliyopita, basi ujumlishe za maisha yako yote, na zile ambazo hutaishi kuzisikia, hazitazidi asubuhi mbili za zamani. Hata kidogo. Ukishajua hivyo unaweza kwenda zako ukalale. Lakini kuna kupungua kwa uvivu: nzima, nusu, theluthi, robo, moja ya tano, moja ya sita. Hapo pia kila kipande ni kidogo kuliko kilichotangulia, hapo pia vinaikaribia sifuri, na ukivitazama kimoja kimoja huoni tofauti. Vijumlishe sasa. Theluthi na robo kwa pamoja zinapita nusu. Vinne vinavyofuata kwa pamoja vinapita nusu nyingine. Vinane vinavyofuata navyo vinapita nusu, na kila ukichukua kundi kubwa maradufu, unapata nusu nyingine, na nusu haziishi. Taja namba yoyote, ukubwa wowote, jumla ile itaipita. Itachelewa kwelikweli, lakini itaipita. Sifuri iko kule mbele inawasubiri wote wawili, ila jumla ya mmoja imefungiwa na ya mwingine haina wa kuizuia.

Dada Nukta aliomba, kwa jinsi yake ya kuomba, kwamba wao wawe wa aina ya pili. Alianza kupita koridoni bila sababu. Alikwenda kujaza maji kwenye birika akiwa hana kiu. Alikuwa mpweke, na lilikuwa jambo jipya kwake, hakujua litunzwe wapi. Nyumbani alifungua redio na kubishana na mtangazaji wa hali ya hewa. Alinunua kikombe cha pili akakitundika kwenye ndoano, kisha akakiondoa kwa sababu kilimwudhi.

Ndipo Mkuu akatangaza kwamba Mama Pacha anastaafu. Pacha wake, ambao walishakuwa watu wazima wenye nyumba zao, walikuwa wanamchukua akaishi nao mji wa mbali. Kutakuwa na hafla fupi ya kumuaga Ijumaa, ukumbini, kila mtu ahudhurie. Dada Nukta alisikia tangazo hilo amesimama mlangoni na birika mkononi. Hesabu zake zote zilikuwa zinategemea kwamba korido itaendelea kuwepo. Sasa ilibaki wiki moja, na baada ya hapo hata kikohozi hakuna.

Wiki hiyo hiyo alitumwa shule ya sekondari kutazama kitabu kinavyofundishwa. Alikaa nyuma ya darasa, kwenye dawati lililomgusa magoti. Mwalimu alimwita msichana mmoja ubaoni aandike mfuatano wa nusu kwa nusu na aonyeshe kikomo chake. Msichana aliandika vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza: nusu, robo, thumuni, moja ya kumi na sita. Kisha akaandika sifuri, akaweka nukta moja nzito, akapangusa mikono.

"Hiyo sifuri imetoka wapi?" mwalimu aliuliza.

"Kitabu kinasema kikomo ni sifuri, mwalimu. Basi nikakomea hapo."

Darasa zima lilikuwa limeandika hivyo. Dada Nukta aliinama, akachungulia madaftari ya jirani zake: sifuri, nukta, sifuri, nukta. Wa pembeni yake alikuwa amepiga na mstari chini, kumaliza kabisa. Nyuma kule sauti nyingine ikauliza kwa uchungu wa kweli, "Mwalimu, kama ndicho kikomo, mbona hakikomi?"

Kicheko kilimpanda Dada Nukta kutoka tumboni, akakizuia kwa leso, kikamtoka puani. Ndicho alichosema Mama Pacha. Neno kwa neno! Alitoka shuleni anacheka peke yake barabarani, akipishwa na watu. Nikakomea hapo! Alikuwa na kichekesho kizuri kuliko vyote alivyowahi kupata maishani, na wa kukicheka naye alikuwa mmoja tu duniani.

Kwanza alikijaribu kwa mchoraji. Kijana alitoa kisikizio kimoja, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Kwa hiyo akakosea, siyo, Dada?" aliuliza, akarudisha kisikizio.

Basi Dada Nukta akajikaza kisabuni, akaitembea korido mpaka mwisho, akabisha hodi.

Mama Pacha alikuwa anapanga vitu vyake kwenye maboksi. "Karibu," alisema bila kugeuka, kisha akageuka, akaona ni nani. Dada Nukta alifunga mlango nyuma yake. Akaanza kusimulia, akakwama, akaanza tena. Alipofika kwenye "basi nikakomea hapo," Mama Pacha alishika kiuno. Alipofika kwenye "mbona hakikomi," mwanamke yule mkubwa alikaa juu ya boksi, likabonyea, na kicheko cha kutikisa vikombe kikatoka, kile kile, hakikupungua hata thumuni. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kwa muda huo mfupi chumba kilikuwa chumba chao cha zamani.

"Ulikuwa sahihi," Dada Nukta alisema. "Kuhusu neno. Mimi siku ile…"

Mama Pacha hakummalizia. Alijipangusa macho kwa kiganja, kicheko kikamwisha polepole.

"Nilijua niko sahihi, mwenzangu. Neno halikuniuma. Maneno tunabishania, ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Kilichoniuma ni kucheka kwa watu. Mimi niliyekumalizia sentensi zako zote hizo, ile moja uliyoimaliza mwenyewe ndiyo uliyonipiga nayo. Uliniaibisha ukumbini, mbele ya Mkuu, na leo unakuja kunipa haki yangu chumbani, mlango umefungwa."

Dada Nukta alisogea hatua moja. "Nitasema Ijumaa. Mbele yao wote. Pale pale ukumbini."

"Utasema?"

"Nitasema."

"Haya," Mama Pacha alisema, akarudi kwenye maboksi yake. "Tutasikia."

Siku zilizobaki Dada Nukta aliishi na sentensi moja. Aliitengeneza nyumbani, akaisema mbele ya kioo, akaisema kwa ukuta, akaisema akiwa anafua. "Siku ile nilimvunjia Mama Pacha heshima mbele yenu, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi." Haikuwa ndefu. Mtoto wa chekechea angeisema akapewa peremende. Yeye aliyeweza kuthibitisha kwamba jumla fulani inapita kila namba duniani alikuwa anashindana na maneno yasiyojaza mstari na nusu, na mbele ya kioo, tumpe haki yake, aliyashinda kila mara.

Ijumaa ukumbi ulipambwa kwa karatasi za rangi. Palikuwa na keki, soda, na viti vilivyopangwa kwa safu. Mama Pacha alikaa kiti cha mbele, amevaa gauni la kijani. Mkuu alihutubia, akarefusha, akasifu, akasoma cheti. Kisha akasema, kwa furaha ya mtu asiyejua anachokigusa, "Sasa hebu tumsikie aliyekaa naye chumba kimoja miaka yote ile. Dada Nukta, tupe mawili matatu."

Dada Nukta alisimama. Watu walitabasamu, baadhi yao walikuwa wale wale waliogonga meza, na walikuwa wameinama mbele kidogo, wakitumaini atawapa nyingine kama ile.

"Mama Pacha ni mchapakazi," alisema. "Alinifundisha tofauti ya mfuatano na mfululizo. Kwa papai." Watu walicheka kwa ukarimu. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amemkazia macho, midomo imefunguka kidogo, kama zamani alipokuwa anangoja kuona sentensi inaelekea wapi ili aidake. Safari hii alikuwa anaiacha ije yenyewe.

"Kuna jambo nilitaka kulisema mbele yenu. Kuhusu neno kikomo. Siku ile, hapa hapa, mimi…"

Sentensi nzima alikuwa nayo. Aliiona ilivyo, na herufi zake. Akamwona Mkuu ameinua nyusi. Akaona soda zimesimama njiani kuelekea midomoni. Macho yake, kwa mazoea yale yale ya siku zote, yakahamia dirishani, kwenye ua wa magari, ambako hapakuwa na kitu.

Kisha mtu mmoja mwenye huruma upande wa nyuma akadhani kwamba Dada amezidiwa na machozi ya kuagana, akaanza kupiga makofi. Wa pembeni akamuunga mkono. Makofi yakaenea ukumbi mzima, ya joto, ya upendo, na Mkuu akainuka na kumshika bega, "Inatosha, Dada, inatosha, tumekuelewa," akamkalisha. Keki ikakatwa.

Jioni pacha mmoja alikuja na gari kumchukua mama yake. Maboksi yalipakiwa, watu wakaaga, wakaanza kutawanyika. Dada Nukta alingoja mpaka wa mwisho wao alipoondoka, kisha akasogea kwenye dirisha la gari. Mama Pacha alikuwa ameshaketi, pochi mapajani.

"Haya, mwenzangu," Mama Pacha alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hasira ingekuwa afadhali. "Ubaki salama. Uangalie mgongo."

"Nimejaribu," Dada Nukta alisema.

"Nimeona."

Injini iliwaka. Dada Nukta alishika ukingo wa dirisha, na kwa kuwa maneno mengine yote yalikuwa yamemkimbia, alisema yale yaliyobaki. "Nukta, nukta, nukta."

Mama Pacha alimtazama usoni, taratibu, kama alivyokuwa akiutazama ukurasa kabla ya kuinua kalamu nyekundu.

"Nukta," alisema.

Kioo kikapanda. Gari likarudi nyuma, likageuka, likatoka getini. Dada Nukta alibaki amesimama pale pale, mkono bado umeinuliwa kwenye usawa wa dirisha, akisubiri zile mbili zilizobaki. Alizisubiri mpaka gari lilipoingia barabara kubwa na kuchanganyika na mengine. Huenda kelele za injini zilizifunika, alijiambia. Huenda alizisema kioo kikiwa kimeshafungwa. Lakini yule alikuwa mhariri wa lugha maisha yake yote, na hakuwahi kukosea alama.

Mlinzi alikuja na funguo zake, akamkuta bado yuko pale.

"Vipi, Dada, umesahau kitu?"

"Nilikuwa nataka…" alisema Dada Nukta.

Mlinzi alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akafunga geti.